Mkubwa Kwanza

1

Siku ya kuamka, saa nne asubuhi, watu elfu nne mia moja na saba wa mji wa Mlowezi walikuwa wameshaamka, na watatu walikuwa bado. Taa zao zilikuwa za kijani, na hilo ndilo lililomchanganya Nyemo. Taa ya mtu mgonjwa huwa ya njano, taa ya mtu aliyekwama huwa nyekundu, na yeye kwa miaka kumi na moja ya kukesha Pangoni hajapata kuona taa ya kijani ambayo mwenyewe haamki.

Aligonga kioo kwa ukucha, labda taa nayo ilikuwa imesinzia. Ikabaki kijani.

"Pampu ya mia sita kumi na sita," alisema Mzee Mlewa, mkuu wa wakeshaji, aliyesimama nyuma yake na kikombe cha uji. "Wote watatu?"

"Wote watatu."

"Umewauliza makaimu?"

"Mara tano, Mzee."

Kila mwaka, joto linapoanza kuangusha mbuzi malishoni, watu wa Mlowezi hushuka Pangoni, hulala miezi mitano katika vitanda vya maji baridi, na kumwachia kaimu pumzi zao. Kila mtu na kaimu wake. Kaimu ni programu tu, lakini ndiyo inayompumulia mwenyewe, inayomshikia kumbukumbu zake zisichanganyike, na mvua ya kwanza ikinyesha ndiyo inayomrudisha. Makaimu hao wote hufanya kazi kwa wakati mmoja, kila mmoja akimwangalia mtu wake na kutomjali wa jirani. Nyemo hakuwa daktari wala fundi wa pampu. Kazi yake ilikuwa kuhakikisha makaimu hawagongani.

Akauliza mara ya sita, kwa sauti, ili Mzee Mlewa asikie kwa masikio yake. "Kaimu wa Ndahani, mbona humwamshi mtu wako?"

"Mapigo mazuri," alijibu kaimu, kwa ile sauti yao ya upole inayoudhi. "Ninasubiri zamu. Hakuna tatizo."

"Kaimu wa Mama Mbeho?"

"Mapigo mazuri. Ninasubiri zamu. Hakuna tatizo."

Wa tatu hakumwuliza kwa sauti. Wa tatu alikuwa kaimu wa Sechelela, na Sechelela alikuwa mama yake mzazi.

"Na pampu yenyewe?" aliuliza Mzee Mlewa. Kila pampu ya joto ilihudumia watu watatu, katika vyumba vitatu vilivyopakana, na iliweza kumpasha moto mmoja tu kwa wakati.

"Pampu nzima. Ina joto, haina mtu, iko huru tangu alfajiri." Nyemo alijikuna kichwa mpaka kitambaa kikamvuka. "Mimi sielewi. Pampu inawasubiri wao, wao wanasubiri zamu. Kama wote wanasubiri zamu, zamu yenyewe ni ya nani?"

Mzee Mlewa alikunywa uji wake taratibu. "Maji ya vitanda vile yanaisha nguvu saa kumi na mbili jioni," alisema. "Baada ya hapo, sijui."

Hiyo "sijui" yake ilikuwa ya adabu tu. Baada ya hapo mwili huanza kuoza ukiwa hai, na wote wawili walikuwa wamewahi kuona.

2

Bwaloni, watu walioamka walikuwa wamejifunika mablanketi, wanakula kwa mikono inayotetemeka na kuulizana kama mvua imenyesha ya kutosha. Nyemo alisogeza mabenchi mawili, akapiga magoti sakafuni na kipande cha chaki. Mpishi alimletea bakuli la njugu mawe za kuchemsha bila kuuliza za nini, maana alishamzoea.

Ilikuwapo mashine ya kufanya kazi hiyo. Iliitwa Mkaguzi, na tangu alfajiri ilikuwa imewapitia makaimu wote mara mbili na kurudi na jibu lile lile, hakuna kosa. Wala haikuwa imesema uongo. Mkaguzi alitafuta kaimu aliyefanya jambo baya, na hawa watatu hawakuwa wamefanya baya lolote. Hawakuwa wamefanya chochote kabisa.

Basi Nyemo akachora kwa mkono, kama alivyofundishwa siku zake za mwanzo, wavu wa Petri. Jina hilo ni la mtu aliyeubuni zamani sana, kabla ya makaimu, watu walipokuwa bado wanashangaa mashine mbili zinawezaje kufanya kazi pamoja bila kuumizana. Wavu wenyewe ni rahisi hata kuudhi. Duara ni hali: pampu iko huru, fulani ameamka. Mstari mnene ni mlango, yaani tukio: fulani anaamshwa. Kete ndani ya duara maana yake hali hiyo ni kweli sasa hivi. Mlango haufunguki mpaka kila duara linaloulisha liwe na kete, na ukishafunguka huzila kete hizo na kutema nyingine upande wa pili. Mtoto wa darasa la tatu anauelewa, na watu wenye shahada wanapotelea humo humo.

Akaweka njugu moja katika duara la pampu. Akachora milango mitatu, mmoja wa kumwamsha Sechelela, mmoja wa Ndahani, mmoja wa Mama Mbeho, na mishale kutoka pampu kwenda kwa kila mmoja. Akakaa akiitazama picha. Kwa jinsi ilivyokuwa, mlango wowote ulikuwa na ruhusa ya kufunguka. Aliikodolea macho mpaka chaki ikaanza kuchezacheza machoni pake.

Mzee Mlewa alikuja akachuchumaa pembeni, naye akaitazama. Mkono wake ukashuka wenyewe, ukaokota njugu, ukaipeleka mdomoni.

"Mzee, umekula pampu," alisema Nyemo.

"Samahani." Akaweka nyingine mahali pake. "Kuna kitu hujakichora."

"Najua kuna kitu. Sijui ni kipi."

"Mjukuu," sauti ikaita juu yao. "Wameniambia nisubiri, nimesubiri. Sasa nakuja kukuta watu wazima wanachezea chakula."

Huyo alikuwa Mbeho, mkono mmoja kiunoni na mwingine juu ya tumbo la miezi minane. Wajawazito hawalazwi, kwa hiyo yeye alikuwa amekesha miezi yote mitano na wakeshaji, akiwashonea mablanketi. Alikuwa na miaka ishirini na mmoja, na Nyemo thelathini na minne, lakini ndiye aliyekuwa bibi. Aliolewa na Ndahani, na Ndahani, mwenye miaka hamsini na miwili, alikuwa kitinda mimba katika ndugu za babu yake Nyemo. Kwa Sechelela alikuwa baba mdogo, ingawa Sechelela, mwenye miaka sitini na mmoja, ndiye aliyembeba mgongoni akiwa mchanga. Ndivyo Nyemo alivyojikuta ana bibi anayeweza kumtuma dukani, na kwa miaka miwili walikuwa wakitaniana kwa ajili hiyo bila kuchoka.

"Kaa, bibi," alisema Nyemo. Mbeho hakutaniwa siku hiyo, naye aliligundua hilo. Akakaa benchini polepole.

"Ni mume wangu?"

"Mume wako, na mama yako, na mama yangu. Hawaumwi. Wanasubiri, na mimi sijui wanasubiri nini." Akatazama wavu, kisha akamtazama Mbeho. Jambo fulani lilikuwa linamkwaruza akilini na yeye hakutaka kuligeuza alione. "Nisaidie. Kati ya mama yangu na babu Ndahani, nani mkubwa?"

"Unaniuliza mimi? Mume wangu. Ni baba yake."

"Kwa umri mama ndiye mkubwa."

"Umri wa nini? Baba ni baba hata akizaliwa jana."

Hivyo ndivyo kaimu alivyofundishwa pia. Pampu ikiwa moja na watu watatu, lazima mmoja atangulie, na kikao cha mji kiliamua siku nyingi kwamba atangulie mkubwa. Nyemo akachora duara, akaandika ndani yake Ndahani ameamka, akalivutia mshale kwenda kwenye mlango wa Sechelela. Halikuwa na njugu, maana Ndahani hajaamka.

"Na kati ya babu na mama yako?"

Mbeho alishusha sauti, maana hapo hapakuwa na utani. "Mama. Wewe unajua. Mkwe ni mkwe, hata kama ana miaka arobaini na mkwewe ana mvi."

Duara jingine: Mama Mbeho ameamka. Mshale kwenda kwenye mlango wa Ndahani. Duara tupu.

Hilo la mwisho Nyemo hakuuliza. Alijua kaimu wa Mama Mbeho ataamuaje, kwa sababu ni yeye Nyemo aliyemfundisha. Kati ya Mama Mbeho na Sechelela daftari la ukoo wanalolisoma makaimu halikuwa na neno lolote, na pasipo undugu, umri ndio unaoamua. Miaka arobaini humsubiri miaka sitini na mmoja. Akachora duara la tatu, Sechelela ameamka, na mshale kwenda kwenye mlango wa Mama Mbeho. Nalo lilikuwa tupu.

Nyemo, Mbeho na Mzee Mlewa wakainama kutazama. Sechelela anamsubiri Ndahani. Ndahani anamsubiri Mama Mbeho. Mama Mbeho anamsubiri Sechelela.

"Kila mmoja amempisha mwenzake," alisema Mzee Mlewa.

"Tangu alfajiri." Nyemo alichukua konzi ya njugu, akalijaza duara la pampu mpaka zikamwagika. "Ungewapa pampu kumi, ingekuwa vile vile. Angalia haya maduara matatu. Kila mlango unaoweza kutia kete katika moja ya haya, kwanza unadai kete kutoka katika moja ya haya haya. Yakishakauka pamoja hayajai tena. Si leo, si kesho. Mwalimu wangu alikuwa anayaita kisima kikavu."

"Na hakuna kaimu aliyekosea?"

"Hakuna. Kila mmoja ana adabu zake zote."

Alisema hivyo, na lile jambo lililokuwa likimkwaruza likageuka lenyewe. Mwaka jana kikao kililalamika kwamba mwanamume mmoja aliamshwa kabla ya mama mkwe wake, akatoka kifua wazi akapita mbele ya mlango wake, na mji mzima ukaona haya. Wakamwita Nyemo wakataka kanuni ya wakwe. Akaiandika kwa siku mbili. Akaijaribu kwa watu wawili wawili, mtu na mkwe, mtu na baba mdogo, mtu na jirani, maelfu ya jozi, na zote zilipita. Hakukaa sakafuni na njugu. Hakuwajaribu watatu.

"Lakini hilo la mwisho si kweli," alisema Mbeho ghafla, akionyesha mshale kwa kidole cha mguu. "Mama yako humwita mama yangu bibi. Si ni mama wa mama yake mdogo, yaani mimi? Ndiye mkubwa kwake. Hata mtoto anayechota maji angekwambia."

Nyemo akaufuata ule mshale kwa kidole. Ilikuwa kweli. Daftari lilihesabu undugu wa hatua moja tu, kwa sababu yeye aliona hatua moja inatosha na hatua mbili zingewafanya makaimu wazito. Mji mzima ulijua Sechelela anamheshimu nani. Makaimu ndio hawakujua, na makaimu ndio walioshika pumzi.

3

Saa saba mchana walikuwa wamesimama mbele ya vile vyumba vitatu, na Nyemo alikuwa amezunguka kichwani mwake mpaka hajui tena alianzia wapi.

"Tubadilishe kanuni," alisema, ingawa alijua jibu.

"Kaimu hupokea kanuni siku ya kulala," alijibu Mzee Mlewa kwa subira. "Hapokei nyingine mpaka mtu wake aamke."

"Tumdanganye mmoja. Kete moja tu, Mzee. Tumwambie kaimu wa Mama Mbeho kwamba mama yangu ameamka."

"Duara linasoma mapigo na macho ya mama yako mwenyewe. Hakuna mkono unaoweza kutia kete humo, na unajua kwa nini. Zamani ulikuwapo. Wakeshaji wakawa wanaamsha jamaa zao kwanza na kuwasahau watu waliogombana nao. Watu wanakubali kulala hapa kwa sababu mlango huo tuliuziba kwa saruji."

Iliyobaki ilikuwa njia moja, na wala haikuwa ndani ya wavu. Kila kaimu alikuwa na plagi ukutani. Ukimng'oa kaimu mmoja, mtu wake hupashwa moto kwa mkono, huamka kweli, na duara lake hupata kete ya halali. Hapo wa pili anaamka, na wa tatu anaamka, na wote watatu wanaishi. Lakini mtu aliyeng'olewa kaimu huamka bila wa kumshikia kumbukumbu zake, nazo humwagika kuanzia za karibuni kurudi nyuma. Mwanamke mmoja alipoteza miezi miwili tu. Mwanamume mwingine aliamka akiulizia baiskeli aliyoiuza miaka ishirini iliyopita, na mke wake akasimama pale na watoto wanne, akitazamwa kama mpita njia. Hakuna aliyeweza kujua mapema zitamwagika ngapi, na hakuna aliyerudishiwa hata moja.

"Mmoja wa watatu," alisema Nyemo. "Yeyote."

"Wavu unasema yeyote?"

"Wavu haujali. Kete yoyote katika duara lolote kati ya yale matatu inatosha." Alicheka kidogo kwa uchungu. "Nimeusoma miaka yote hii, na leo ndiyo siku ninayotaka uniambie kitu, umenyamaza."

Mzee Mlewa alivua kofia yake. "Sheria yetu ni kwamba anayeugundua mkwamo ndiye anayetaja jina, kwa kuwa ndiye anayeuelewa. Lakini mmoja ni mama yako. Ukitaka, nitachagua mimi. Au tupige kura, vikaratasi vitatu kwenye kofia hii."

Nyemo alikitazama kile kichwa cha mzee chenye upara na kofia iliyogeuzwa, na kwa dakika nzima alitamani kukubali. Kura ingekuwa haki. Ila haki ya nani? Watu hawa watatu hawakukwamishwa na bahati. Walikwamishwa na yeye, kwa uvivu wa siku moja na kiburi cha jozi elfu kadhaa zilizopita vizuri. Kura ingemfanya Mama Mbeho au Ndahani alipe kwa kosa la mtu mwingine, kisha watu waseme ilikuwa Mungu.

Kwa hiyo ang'olewe mama yake. Hapo akahisi amefika, na mara ile ile akaona hajafika popote. Mama yake alikuwa amekosa nini? Mtoto anaharibu kazi, halafu mama analipa, halafu mtoto anajiona mwadilifu kwa sababu machozi ni yake. Angekuwa anajitoa yeye mwenyewe, sawa. Lakini anamtoa mtu aliyelala, asiyeweza kusema ndiyo wala hapana, kana kwamba mama ni kitu chake cha kutoa sadaka.

Tena kulikuwa na Lemi. Nyemo aliwahi kuzaa mtoto, miaka saba iliyopita, uzazi mbaya uliomlaza bila fahamu siku tano. Mtoto aliishi siku nne. Mama yake ndiye aliyembeba, akamwogesha, akampa jina, akamzika. Baba yake mtoto alikuwa mbali na hakuna aliyepiga picha. Kila Nyemo aliposhindwa kulala, Sechelela alimsimulia tena: alikuwa na nywele nyingi mpaka shingoni, sikio moja limejikunja, alikuwa akinyonya kidole cha kati badala ya gumba. Katika dunia nzima, uso wa Lemi ulikuwa umebaki mahali pamoja tu, nyuma ya mlango ule wa katikati, chini ya maji baridi. Nyemo alishindwa kujua kama anataka kumwokoa mama yake au anataka kumwokoa Lemi, na aliona haya kwamba hajui.

Mbeho alikuwa ameketi sakafuni, mgongo ukutani, miguu mbele kama mtoto. Nyemo akaenda akachuchumaa karibu naye.

"Bibi, sema kitu."

"Niseme nini, mjukuu?" Macho yake yalikuwa makavu. "Nikisema usimguse mume wangu, nimekupa mama yangu. Nikisema usimguse mama yangu, mtoto huyu atazaliwa na baba asiyejua alimwoa nani. Na nikisema mng'oe mama yako, nitakuwa mtu gani? Alinipokea yeye nyumbani kwao. Wengine wote walikuwa wananicheka."

"Kwa hiyo hujui."

"Sijui."

"Hata mimi."

Wakakaa hivyo, bega kwa bega. Kwa mbali bwaloni watu walikuwa wanaimba wimbo wa kupandia uwele, kila mmoja kwa sauti yake, kwa kuwa koo zao zilikuwa bado na baridi. Mzee Mlewa alitazama saa ya ukutani, kisha akajilazimisha kutazama kwingine.

Nyemo alijaribu kufikiri kama mchambuzi. Mkongwe ana miaka michache zaidi mbele, basi apoteze yeye. Lakini mkongwe ana mengi zaidi nyuma, basi apoteze mdogo. Mama Mbeho ana mjukuu anayekuja. Ndahani ana mtoto anayekuja. Sechelela ana Nyemo, na Nyemo ndiye mwenye kosa. Kila hoja ilifika mlangoni ikapisha nyingine, hiyo nayo ikapisha nyingine, mpaka akatambua, kwa aina fulani ya hofu, kwamba yeye mwenyewe amekwama kama wale makaimu. Alikuwa anasubiri kuwa na uhakika kabla ya kutenda, na uhakika ulikuwa unasubiri atende kwanza. Mkwamo wa namna hiyo haumalizwi na kufikiri zaidi. Mtu huung'oa tu, akijua kwamba anaharibu.

Saa tisa na nusu alisimama.

"Mama yangu," alisema.

"Una uhakika?" aliuliza Mzee Mlewa.

"Sina."

Mzee Mlewa akavaa kofia yake na kumfungulia mlango wa katikati.

4

Plagi ilikuwa nzito kuliko alivyodhani. Alipoivuta, sauti ya upole ilisema, "Mapigo mazuri. Ninasubiri," na kukatika katikati ya sentensi.

Walimpasha moto kwa mkono, Mzee Mlewa akizungusha valvu ya pampu na Nyemo akisugua miguu na viganja kwa taulo, kwa muda uliokuwa mrefu kuliko asubuhi yote. Ngozi ya Sechelela ilikuwa imekunjamana kwa maji. Nyemo aliona kovu la kisu cha jikoni kwenye kidole cha shahada, kovu ambalo yeye mwenyewe alilisababisha akiwa na miaka sita, na akaanza kuomba, si vizuri, maneno ya vipande vipande. Iwe miezi miwili. Iwe mwaka. Iwe hata mitano, Mungu wangu, ila isifike saba.

Saa kumi na dakika kumi Sechelela akavuta pumzi yake mwenyewe. Kope zake zikacheza, macho yakafunguka.

Ukutani taa yake ikawa nyeupe. Duara likapata kete. Nyemo akasikia pampu ikibadilisha mlio, joto likihamia chumba cha mkono wa kulia, na baada ya nusu saa taa ya Mama Mbeho ikawa nyeupe; halafu pampu ikahama tena, na nyuma ya ukuta wa kushoto mwanamume akakohoa kwa nguvu. Mbeho akapita ukumbini akikimbia kwa jinsi tumbo lilivyomruhusu, akasita kati ya milango miwili, akaingia kwa mama yake kwanza. Sauti zao zikasikika, zikichanganyika, za watu wanaojuana. Kila kitu kikawa kimekwenda kama wavu ulivyosema kingekwenda.

Muda wote huo Sechelela alikuwa amelala akiitazama dari, naye Nyemo hakuthubutu kumsemesha. Alikuwa amekaa kwenye kigoda na taulo lililolowa mapajani. Aliogopa kwamba neno lake la kwanza litaziba kitu, au litafungua kitu, hakujua lipi.

Hatimaye mama yake akageuza kichwa. Alimtazama usoni kwa muda, akaitazama sare ya wakeshaji yenye vifungo vya shaba, akazitazama nywele zilizoanza mvi mbili tatu karibu na sikio. Yalikuwa macho ya heshima, ya mtu anayejaribu kukumbuka alikoelekezwa. Akavuta shuka mpaka kidevuni. Kisha, taratibu, kwa shida, akaanza kushusha mguu mmoja kitandani, na mwingine, akishika ukingo kwa mikono yote miwili, na Nyemo akaelewa anachotaka kufanya, akaruka kumzuia.

Alikuwa anataka kupiga magoti.

"Usishuke," alisema Nyemo. "Kaa hapo hapo. Bado huna nguvu."

Sechelela akatii mara moja. Akakaa wima, akakutanisha viganja vyake mapajani, akainamisha macho kama binti aliyelelewa vizuri anavyofanya mbele ya mtu mzima asiyemjua.

"Shikamoo, mama," alisema.

Kutoka chumba cha pili kilisikika kicheko cha Mbeho, kilichochanganyika na kilio. Nyemo alitazama kile kichwa chenye mvi kilichoinama mbele yake, kikingoja. Binti hawezi kuinua macho kabla hajaitikiwa, na huyu alikuwa amefundishwa hivyo. Angengoja mpaka jioni.

"Marahaba," alijibu Nyemo. "Marahaba, mwanangu. Umeamkaje?"